Bushi ya Gia Haitaki Nyundo

Jambo la kwanza katika kazi hii ni kuacha kusema kwamba gari lako lina tabia yake. Pale Mokowe, upande wa bara wa Lamu, lami inapokwisha na bahari inapoanza, utawakuta madereva wa pikapu kongwe wakiwafundisha vijana wao namna ya kuibembeleza gia. Mbili, watasema, iko karibu na goti la abiria. Nne haiji mpaka uinyanyue liva kidogo kwanza. Rivasi huingia ukiisukuma kwa kiwiko huku umebana pumzi. Wanaeleza haya kwa fahari, na kijana anaitikia kwa adabu na kuanza kuhifadhi. Asihifadhi. Hakuna tabia hapo wala siri. Kuna kijikofia cha nailoni, upana wake sentimita mbili hivi, ambacho kimekufa siku nyingi na hakuna aliyekizika. Kinaitwa bushi ya gia, na mwongozo huu ni wa kuitoa iliyokufa na kuivisha mpya, hasa ile mpya inayogoma kuingia.

Nazungumzia Hilux. Toyota ilianza kuiuza mwaka 1968, na zile za miaka ya 1980 na 1990 bado zinafanya kazi ambayo wenye magari mapya hawathubutu kuyapa magari yao. Katika nyingi za hizo, liva ya gia haipitii fito wala nyaya. Inashuka moja kwa moja kutoka mkononi mwako hadi juu ya boksi ya gia. Karibu na mwisho wake ina kifundo inachogeukia, na ncha yake ya chini ni ya mviringo, inakaa ndani ya kikombe cha chuma. Bushi ndiyo inayovishwa ncha ile ili chuma kisisuguane na chuma. Ikikatika, ncha inabaki ikirandaranda ndani ya kikombe kilichoizidi ukubwa. Na kwa kuwa sehemu ya liva iliyo juu ya kifundo ni ndefu mara kadhaa kuliko ile ya chini, milimita chache za ulegevu kule chini zinakuwa sentimita kadhaa mkononi. Hapo ndipo goti la abiria linapoingia katika masomo ya udereva.

Kuna wanaouliza: kama gari linakwenda, tatizo liko wapi? Liko gatini. Kisiwani Lamu magari ni machache mno, na vichochoro vya mji wa kale ni vya miguu, punda na mikokoteni, kwa hiyo mzigo wa magurudumu unaishia au unaanzia Mokowe. Samaki na kamba wa Kizingitini na Faza wanapokewa upande wa bara wakiwa kwenye barafu. Maembe na mahindi ya Mpeketoni yanangoja mashua. Saruji, mabati, magodoro, soda, vyote vinashushwa na kupandishwa, na pikapu inasogezwa karibu na maji kadiri dereva anavyothubutu ili wapagazi wapunguziwe hatua. Sasa itazame boksi ya gia tano: moja, tatu na tano ziko mbele, mbili, nne na rivasi ziko nyuma. Nne na rivasi ni majirani. Liva iliyolegea inakupa nne wewe ukiamini umeshika rivasi, pua ya gari imeelekea bahari, mzigo uko nyuma, na mguu umeshaanza kuiachia klachi. Mara nyingi injini huzimika na watu wakacheka. Palipo na mteremko haizimiki. Mimi sichekeshwi hata na ile ya kwanza, kwa sababu mbele ya gari husimama tanboi akiongoza kwa mikono, na kinachomtenganisha na bampa ni spea ambayo ni miongoni mwa za bei ya chini kabisa katika gari zima.

Kwa hiyo inunue kabla hujaihitaji. Wakati mvua za El Niño zilipozidi Novemba 2023, maji yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Lango la Simba, na mabasi yakakwama. Aliyekuwa ameagiza kifurushi kutoka Mombasa aliendelea kungoja. Ukiagiza, usimwambie mwenye duka "nataka bushi ya Hilux" ukakata simu. Hilux ni ukoo mzima: kuna za petroli na za dizeli, za magurudumu mawili na za manne, na boksi zake hazifanani. Mtajie namba ya chesi, mwaka, na kama unaweza mtumie picha ya ncha ya liva yako. Kijana wa kaunta atakuuliza maswali mengi. Mjibu yote kwa upole, maana kosa lake litasafiri kwa basi kutwa nzima kabla hujaligundua. Na agiza mbili.

Hapa lazima niseme neno kuhusu mbadala, kwa kuwa Mokowe ina mabingwa wa mbadala. Nimeona kipande cha kandambili kikivishwa ncha ya liva. Nimeona mpira wa tyubu ukifungwa kwa uzi wa nyavu, na utepe wa umeme uliozungushwa mpaka ukawa donge. Siku ya kwanza gia inaingia vizuri ajabu, na mwenye gari anawapungia watu mkono njia nzima. Lakini mpira wa kawaida ukikaa kwenye mafuta unavimba, unalainika na kuanza kumeguka, na boksi ya gia ni nyumba ya mafuta. Baada ya muda mfupi una ulegevu uleule wa zamani, na juu yake uji wa kandambili ndani ya boksi. Shaba ni afadhali. Fundi wa kukereza chuma anaweza kukutengenezea bushi ya shaba ikakaa vizuri, ila mlio na mtetemo wa boksi utapanda hadi mkononi. Nailoni iliwekwa pale kwa makusudi: inateleza, haiogopi mafuta, na inakubali kuchakaa yenyewe ili chuma kisichakae. Ilivumbuliwa na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont mwaka 1935, na wavuvi wa visiwa hivi wameijua kwenye nyavu na mishipi kwa miongo mingi. Hakuna anayehitaji kumweleza mvuvi wa Kiwayu kwamba jua huiua nailoni. Basi hiyo bushi ya akiba usiiweke juu ya dashibodi.

Sasa kazi. Chagua mahali tambarare na pasipo na upepo. Hili la upepo ndilo watu wa bara hulipuuza. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi inavuma, kisha kusi inachukua zamu yake, na pepo zote mbili zinajua njia ya kuingia kwenye mlango wa gari ulioachwa wazi. Boksi ikifunuliwa, mchanga unaoingia hautoki tena kwa kupuliza. Egesha kwa kuukinga mlango na upepo, vuta breki ya mkono, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu, zima injini, na uiache gia kwenye nyutro. Fagia kwanza. Yaani fagia kweli: maganda, mchanga, magamba ya samaki, vijiti vya miraa, vyote vilivyojikusanya kuizunguka liva tangu gari linunuliwe. Futa kwa kitambaa chenye dizeli kidogo mpaka uone rangi ya bati. Fundi anayeanza kufungua kabla ya kufagia hajui anachokifungua.

Habari njema ni kwamba kuitoa liva hakuhitaji jeki wala kulala chini ya gari. Kila kitu kinafanyika ukiwa umekaa kitini. Fungua kichwa cha liva kwa kukizungusha, toa skrubu zinazoshikilia mpira wa nje, uvute mpira huo juu, na chini yake utakuta mpira wa pili, mdogo na wenye mafuta. Huo nao upandishe. Sasa unaona kifuniko cha chuma kilichoikumbatia liva. Katika Hilux nyingi za enzi hizo hakina nati hata moja. Kinashikwa na meno yaliyojificha. Kifunike kwa kitambaa, kikandamize chini kwa nguvu ya viganja vyote viwili, kisha ukizungushe kinyume cha saa huku bado umekikandamiza. Mambo mawili kwa pamoja. Wengi huzungusha bila kukandamiza, kikigoma wanaleta koleo kubwa la mabomba na kukibondabonda mpaka kikawa na umbo la kashata. Hewa ya chumvi ya huku hutia kutu hata mahali ambapo watu wa Nairobi hawaamini, kwa hiyo kikikataa kabisa, nyunyiza mafuta ya kulainisha kutu, ukale chakula cha mchana, urudi. Kikilegea, springi itakisukuma juu. Kishike kisiruke. Liva itatoka nzima mkononi mwako, na sehemu zake utazipanga juu ya kitambaa cheupe kwa utaratibu uleule zilivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia.

Washa tochi, uchungulie shimo.

Mahali hapa pastahili kutulia, kwa sababu kazi nzima huharibika katika dakika hizi. Chini kabisa mafuta yanang'aa meusi. Juu yake kidogo kuna kikombe cha chuma, na ndani ya kikombe, kama bushi yako imekufa kama zinavyokufa nyingi, kuna vipande vya rangi ya kahawia: kimoja kirefu kimejibana ukutani, vingine vidogo vimezama kwenye grisi iliyokauka. Ncha ya liva yenyewe iko uchi, imeng'arishwa upande mmoja kwa kusuguana. Pitisha kidole hapo. Ukihisi kijibonde kikubwa, hata bushi mpya itacheza, na liva nayo itahitaji kubadilishwa. Kama ni mng'aro tu, endelea. Toa vipande kwa koleo lenye mdomo mrefu. Vile vidogo visivyoshikika, chukua waya, upinde ncha yake, uipake tone la grisi nzito, uviguse. Vitanata na kupanda pamoja nao. Usitafute sumaku. Nailoni haijali sumaku, na muda unaoupoteza kuitafuta ndio ambao tanboi wako ataegemea dirisha na kudondosha jivu la sigara ndani.

Kisha vipange vipande hivyo juu ya kitambaa mpaka duara likamilike. Lisipokamilika, kipande kimoja bado kiko ndani, na hapo utasikia sauti nyuma yako ikisema kitasagika chenyewe. Mwenye sauti hiyo hatakuwepo siku kipande kitakapojiingiza mahali pasipotakiwa. Fungua nati ya chini, umwage mafuta kupitia kitambaa safi, utafute. Mafuta ya boksi za magari haya yana umri ambao hata mwenye gari haukumbuki, kwa hiyo kuyabadilisha hakuna hasara yoyote.

Tumefika kwenye ukaidi wenyewe. Bushi mpya imetengenezwa na mdomo mwembamba kuliko ncha inayopaswa kuupita. Hiyo ndiyo hekima yake: ikishaingia, haitoki. Lakini ikiwa kavu na baridi, unaisukuma kwa kidole gumba, inakutazama. Unaisukuma kwa viganja, inaruka na kupotea chini ya kiti. Ndipo baraza linapokutana. Popote Mokowe liva ya gia inapotolewa nje ya gari, watu wanne wanajitokeza, na hakuna hata mmoja aliyeitwa. Mmoja amewahi kufanya kazi Mombasa. Mwingine shemeji yake ana gereji. Wote wanne wana ushauri mmoja: gonga.

Usigonge. Aliyekushauri hatalipa. Nyundo inatua upande mmoja, mdomo wa bushi unapinda, unapasuka ufa mwembamba ambao macho hayauoni, na bushi inaingia kwa kishindo huku baraza likishangilia. Inakaa wiki moja, pengine mbili. Halafu inafunguka kwenye ule ufa, ukiwa Witu au mbali zaidi, na gari zima la maembe linaiva juani likikungoja.

Nailoni inataka joto na muda. Kofia ya kiua iliyotoka kufuliwa huvalishwa kwenye kalibu ingali mbichi, ikaukie hapo na kushika umbo; hakuna bibi wa Siyu au Faza anayeipigilia kichwani ikiwa kavu. Na kijikofia hiki ni vivyo hivyo. Nenda kwa muuza kahawa, umuombe maji yanayochemka, ujaze kikombe kizito. Nunua na kahawa yenyewe, kwa sababu jiko lake si la gereji na mtu huyu utamhitaji tena. Tumbukiza bushi, funika kwa kisahani, uiache ipate joto hadi ndani. Dakika kumi hazizidi. Wakati huohuo ncha ya liva ifunge kwa kitambaa kilicholowa maji ya mtungini ibaki baridi. Moja ikipanuka na nyingine ikisinyaa, ugomvi unapungua pande zote mbili. Usitumie moto wa kiberiti wala wa gesi. Moto hauchagui, utalainisha upande mmoja na kuuyeyusha mwingine, na maji ya kuchemka hayawezi kufanya hivyo hata ukiyasahau.

Kijana aliyesimama na nyundo yake bado atauliza, na mzee wa kazi atamjibu bila kuinua uso:

"Ami, nigonge kidogo tu?"

"Weka nyundo tini, mwanangu. Niletea mai moto."

Mazungumzo mengine hayahitajiki.

Itoe bushi kwa koleo, ikung'ute, ifute haraka ndani na nje kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa maji hayana kazi ndani ya boksi. Paka grisi nyepesi kwenye ncha. Weka bushi juu ya kipande cha mbao ngumu, mdomo ukitazama juu, kisha simamisha liva wima juu yake, ncha ikiwa katikati kabisa. Katikati kabisa: inama, uangalie kwa mbele, zunguka, uangalie kwa ubavu. Sasa egemea. Usisukume kwa mikono; shusha uzito wa mwili wako taratibu juu ya liva, mgongo ukiwa umenyooka. Kwanza hakuna kitu. Kisha unahisi mdomo ukifunguka chini ya ncha, halafu unasikia "tak", mlio mdogo mkavu, na bushi imekaa. Ukihisi inainama upande, acha hapohapo, irudishe kwenye maji moto, anza upya. Kuanza upya hakuna gharama. Ukiwa na jiliwa la mezani, unaweza kuibana humo taratibu badala ya kuegemea, mradi uweke vibao viwili ili chuma kisiing'ate. Jaribu kuizungusha kwa vidole: inapaswa kuzunguka kwenye ncha bila kuchomoka.

Wenye Peugeot 404 za pikapu, ambazo gia yake iko kwenye usukani, kazi yenu ni ndefu zaidi, kwa kuwa kuna fito zinazoshuka hadi kwenye boksi na kila kiungo kina uchakavu wake. Gari hilo lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, kwenye barabara zilizokuwa mbaya kuliko zenu, kwa hiyo msilisingizie udhaifu. Tafuteni kiungo kilicholegea kimoja baada ya kingine, mtu mmoja akitingisha liva na mwingine akichungulia chini. Mara nyingi si vyote vimekufa. Palipo na bushi ya nailoni, habari ya maji moto ni ileile.

Tukirudi kwenye Hilux, kurudisha liva ni kinyume cha kuitoa, na kwa mara hii maneno hayo ni ya kweli. Pakaa grisi kikombeni, kiasi cha kulainisha, si cha kujaza. Shusha liva wima mpaka uhisi ncha imeingia kikombeni, weka kiti cha plastiki cha juu na springi kwa utaratibu uliouona kwenye kitambaa cheupe, kandamiza kifuniko na ukizungushe kwa mwendo wa saa mpaka kishikwe na meno. Kabla ya kuwasha injini, kanyaga klachi na upitie gia zote, moja hadi tano, kisha rivasi. Utashangaa jinsi safari ya mkono ilivyokuwa fupi. Mbili haiko tena kwa abiria.

Halafu rudisha mipira yote miwili, na hapa sitoi msamaha kwa mtu yeyote. Mafundi wengi huurudisha ule wa nje kwa ajili ya sura na kuutupa ule mdogo wa ndani, eti umechoka. Ule mdogo ndio unaozuia vumbi la kule Hindi, maji ya masika na mchuzi wa samaki visishuke kwenye boksi. Bushi nyingi za huku hufa mapema kwa kusagwa na mchanga uliopita palipokuwa na mpira. Ukiwa umechanika, agiza mwingine katika kifurushi kilekile cha bushi. Bushi ya pili ifunge kwenye karatasi, iweke ndani ya sanduku la dashibodi mbali na jua, na umwambie tanboi iko wapi.

Ikiwa baada ya yote haya liva imekaza vizuri lakini gia bado zinakwaruza kuingia, bushi haina kosa na usiifungue tena. Kanyaga klachi mara kadhaa kwa haraka ukiwa umesimama. Gia ikikubali baada ya hapo, kuna hewa kwenye klachi au silinda yake inavuja. Fuatilia bomba lake kutoka kwenye pedali hadi chini, utafute unyevu. Ikiwa klachi ni nzima na gia inayokwaruza ni moja tu, tatizo liko ndani ya boksi, na hapo sasa utahitaji jeki, mkeka, na fundi ambaye hakuja barazani bila kuitwa.